Antonio Stradivari, Fundi wa Cremona

Wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili watalikumbuka gita la besi la bendi ya shule yetu, lile la nyuzi nne lililotengenezwa na fundi seremala na kupakwa vanishi nyekundu. Mwaka jana mimi ninayeandika habari hizi nililiharibu. Nilipewa kazi ya kulisafisha kabla ya siku ya wazazi, nami kwa kutaka ling'ae upesi nikachukua spiriti na kitambaa, nikalisugua. Uchafu ukatoka, na vanishi ikatoka pamoja nao, hata pakabaki doa jeupe kubwa kama sahani. Mwalimu wetu wa useremala hakunigombeza. Alinipa kipande cha msasa laini, akaniambia niketi, na tulipokuwa tukifanya kazi akanisimulia habari za Mwitalia mmoja aliyekufa zamani sana, ambaye mbao alizozipaka vanishi zingali zikililia watu masikioni mpaka leo. Baadaye nikaenda maktaba kutafuta zaidi. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayowaletea.

Antonio Stradivari alizaliwa karibu na mwaka 1644. Hati ya kuzaliwa kwake haijaonekana. Mwaka huo twaujua kwa sababu alipokuwa mzee aliona fahari juu ya umri wake, akauandika kwenye karatasi ndogo alizokuwa akizibandika ndani ya fidla. Na fidla moja ya mwaka 1736 yaonyesha kwamba fundi wake alikuwa na miaka 92. Alikaa na kufanya kazi Cremona, mji wa kaskazini ya Italia, karibu na mto Po.

Mji huo ulikuwa na jina kwa kazi ya fidla hata kabla yake, kwa ajili ya ukoo wa Amati. Lakini mwaka 1630 tauni iliingia ikaua watu wengi, na katika ukoo ule akabaki fundi mmoja tu, Nicolò Amati. Kwa muda ujuzi wote wa Cremona ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Lau angalikufa yeye naye, pengine nisingekuwa na habari ya kuandika. Zamani kazi ile ilirithiwa na watoto wa nyumba, lakini Nicolò, kwa kukosa wasaidizi, alianza kupokea wanafunzi wa nje. Yasemekana Stradivari alikuwa mmoja wao. Fidla yake ya kwanza ijulikanayo ni ya mwaka 1666, naye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kama 22, si mkubwa sana kuliko sisi wa kidato cha mwisho.

Mwaka 1667 alioa mjane aitwaye Francesca Feraboschi, wakazaa watoto sita. Mwaka 1680 alinunua nyumba katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Dominiko, na humo akakaa mpaka kufa kwake, zaidi ya miaka 50. Chini palikuwa na karakana, na juu kabisa, chini ya paa, palikuwa na dari ya wazi yenye upepo, ambapo fidla zilitundikwa kukauka. Francesca alifariki mwaka 1698, akazikwa kwa heshima kubwa, na hesabu ya gharama za mazishi hayo imehifadhiwa. Mwaka uliofuata Antonio akaoa tena, akamwoa Antonia Zambelli, wakapata watoto watano. Wawili wa mke wa kwanza, Francesco na Omobono, walifanya kazi pamoja na baba yao maisha yao yote. Huruma inanijia nikiwafikiria watoto hao, maana baba hakuacha benchi la kazi, nao wakazeeka wakiwa bado wasaidizi.

Watu wengi wakisikia jina lake hufikiri fidla peke yake. Kumbe alitengeneza na magita. Moja la mwaka 1679 liko Cremona na lapigika hata sasa. Jingine la mwaka 1688 liko Oxford, Uingereza. Na jingine la mwaka 1700 liko Marekani. Tena alitengeneza selo, ndiyo fidla kubwa ya sauti nzito ambayo mpigaji huipiga akiwa ameketi, ameiweka katikati ya magoti. Kwa sisi wa bendi, selo ni kama jamaa wa gita la besi, na hapo ndipo nilipoona akili ya mtu huyu.

Selo zake za kwanza zilikuwa kubwa mno. Ilikuwa lazima, kwa sababu uzi wa utumbo wa mnyama hautoi sauti nzito vizuri ila uwe mrefu na mnene. Mwaka 1690 alitengeneza selo ya namna hiyo kwa mtoto wa mtawala wa Toscana, Ferdinando de' Medici, pamoja na fidla nyingine. Lakini katika miaka ile mafundi walikuwa wamekwisha jua kuzungushia uzi wa utumbo waya mwembamba wa madini. Uzi uliozungushiwa hivyo huwa mzito bila kuwa mnene, hutetemeka polepole hata ukiwa mfupi, na kwa hiyo besi yaweza kutoka katika chombo kidogo. (Tazameni uzi mnene wa gita letu la besi, nao umezungushiwa vivyo hivyo.) Kuanzia karibu na mwaka 1707 Stradivari, mtu wa zaidi ya miaka 60, akaacha kipimo alichokizoea, akachora kipya chenye mwili wa sentimeta 75 na kitu. Mafundi wa selo wangali wakikifuata. Zile kubwa za zamani, nyingi zilikatwa na wenyewe baadaye ili zipungue.

Sasa niseme juu ya mbao, ndiyo maana ya habari hii. Uso wa mbele aliutengeneza kwa mti wa jamii ya msonobari unaoota milimani kwenye baridi, ambao hukua polepole na mistari yake hukaribiana. Mgongo na mbavu alizitengeneza kwa mti mgumu uitwao mepo, wenye mawimbi yanayong'aa kama maji yaliyopigwa na jua. Ubao aliuchonga kwa patasi na randa ndogo ndogo, nyingine hazizidi kidole, kisha akaukwangua kwa bamba la chuma lenye makali. Mafundi wa wakati ule walilainishia kazi yao kwa majani makavu ya kukwaruza na kwa ngozi ya samaki wa jamii ya papa. Ubao uliokwanguliwa kwa chuma hukatwa safi. Uliosuguliwa kwa vumbi la msasa hujaa unga katika vitundu vyake, na vanishi ikipita juu huonekana kama macho yenye ukungu.

Kisha vanishi. Kwa miaka 200 watu walidai kwamba alikuwa na siri. Wengine walisema ni utomvu wa mti uliokwisha kutoweka. Wengine walipika dawa za kila namna wakaziuza kwa jina lake. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani walitangaza matokeo ya kuchunguza vipande vidogo sana kutoka vyombo vyake vitano. Walikuta mkono wa kwanza ni mafuta ya kukauka, ya namna ile ile waliyotumia wachoraji wa picha, nayo hayakuingia ndani sana. Juu yake palikuwa na mafuta yaliyochanganywa na utomvu wa msonobari, na katika baadhi yake rangi nyekundu kidogo, mojawapo ikitokana na wadudu. Vitu hivyo vyote mtu aliweza kuvinunua dukani Cremona. Wataalamu wengine, waliochunguza ubao wenyewe, wamekuta chumvi za madini kama boraksi na shabu, nao wanaona kwamba mbao zilitiwa dawa kabla ya kuchongwa. Ubishi wao haujaisha.

Hapa niingize neno moja la kwetu. Katika karne ya 19, miaka mingi baada ya Stradivari kufa, vanishi nzuri kupita zote za magari ya farasi na samani huko Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa sana ni ile iliyochimbwa ardhini pwani ya Afrika Mashariki na kupakiwa meli Zanzibar. Basi tusidhani kwamba vanishi ni jambo la Wazungu tu.

Mimi naona siri, kama ipo, ni kungoja. Vanishi ya mafuta haikauki kama ya spiriti. Yataka siku nyingi na mwanga wa jua, na kila mkono uwe mwembamba. Ikiwa nene, hufunga ubao kama blanketi na sauti hufa. Imebaki barua ya Stradivari ya mwaka 1708, naye humo amwomba radhi mteja wake kwa kumchelewesha, na sababu aliyoitoa ni vanishi. Alikuwa fundi mashuhuri, mwenye mali hata watu wa Cremona wakitaka kumtaja tajiri humlinganisha na yeye. Lakini jua lilikuwa halijamaliza kazi yake, na mteja ilimbidi angoje.

Alifanya kazi mpaka mwaka wa mwisho. Katika fidla za uzee wake wajuzi huona mahali mkono ulipotetemeka. Mkewe Antonia alifariki mwaka 1737, na yeye akamfuata tarehe 18 Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka kama 93. Omobono alifariki mwaka 1742 na Francesco 1743. Mtoto mwingine, Paolo, aliyekuwa mfanya biashara, ndiye aliyeuza vyombo na zana zilizosalia, mwaka 1775, kwa bwana mmoja mkubwa aitwaye Cozio di Salabue. Sehemu kubwa ya zana hizo imerudi Cremona, na watu huenda kutazama vipimo vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono wake.

Katika mali hiyo ilikuwamo fidla ya mwaka 1716 ambayo Stradivari hakuiuza maisha yake yote. Baadaye ikafika kwa mchuuzi aitwaye Tarisio, aliyekuwa akijisifu juu yake kila alipokwenda Paris bila kuileta, mpaka mtu mmoja akafanya mzaha kwamba fidla hiyo ni kama Masiya anayengojewa na Wayahudi. Jina likashika. Sasa Masiya iko Oxford, ndani ya kioo, vanishi yake mpya kana kwamba imepakwa juzi, na haipigwi. Wenzake waliopigwa miaka 300 vanishi imewatoka begani na mahali mkono unaposhika. Selo moja ya mwaka 1711 ina alama ubavuni ambayo husimuliwa kuwa ni ya buti la Napoleoni, aliyetaka kujaribu kuipiga. Nimejiuliza ni ipi iliyotunzwa vema. Mwalimu anasema ile ya kioo imehifadhiwa, bali kutunzwa ni jambo jingine. Mimi bado sijakubali kabisa, maana bila ile ya kioo tusingejua rangi aliyoiona Stradivari mwenyewe.

Vyombo vyake vilivyosalia ni kama 650, na uharibifu mwingi haukuletwa na wapigaji. Uliletwa na waliotaka ving'ae. Katika karne ya 19 wachuuzi na mafundi walizoea kupaka vanishi mpya juu ya ile ya kale, na wengine waliisugua ya kale mpaka ikaisha. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kitambaa changu na spiriti. Watunzaji wa sasa hufuta jasho na unga wa ulimbo kwa kitambaa laini kikavu kila baada ya kupiga, huweka chombo mbali na jua kali na ukavu unaopasua mbao, na basi.

Kuna kisa kingine cha selo, ile ya mwaka 1684 iitwayo General Kyd. Mwaka 2004 iliibwa barazani mwa nyumba ya mpigaji mmoja huko Los Angeles. Mwanamke mmoja muuguzi akaikuta karibu na pipa la takataka, akaichukua kwake bila kujua ni kitu gani. Mchumba wake alikuwa fundi wa kabati, naye akamwuliza kama aweza kuigeuza iwe rafu ya kuwekea sahani za muziki. Kwa bahati hawakuanza kazi kabla hajaona habari zake katika televisheni. Ilikuwa imepasuka, ikatengenezwa.

Mtu mwenyewe hakutunzwa hivyo. Mwaka 1729 alinunua kaburi katika kanisa la Mtakatifu Dominiko, mbele ya nyumba yake, na humo akazikwa. Mwaka 1869 kanisa lilibomolewa, mifupa ikachanganyika na ya wengine ikapotea, na mahali pale sasa ni bustani ya watu kupumzikia.

Gita letu limekwisha kukwanguliwa na kupakwa mikono mitatu. Wa nne tutaupaka mvua ikipungua; na bendi imekwisha niuliza mara mbili kwa nini nakawia.