Charles Coulomb na Mizani ya Msokoto

Kabla ya mkulima wa Nachingwea au Ruangwa kupima korosho zake ghalani, mizani ya ghala yapasa kukaguliwa. Mkaguzi wa vipimo huweka juu ya mizani mawe ya chuma ambayo uzito wake unajulikana kwa hakika. Akiweka mawe ya kilo 20, mizani lazima ionyeshe kilo 20. Ikionyesha kilo 19, mizani hiyo haifai kutumika mpaka irekebishwe. Mkulima aliyepalilia na kuokota korosho zake kwa taabu angepoteza kilo moja katika kila kilo 20 anazoleta, wala asingejua. Kazi ya kulinganisha kifaa cha kupimia na kitu kinachojulikana huitwa kuhakiki kipimo.

Uzito si kitu pekee kinachopimwa. Fundi anayekaza nati za gurudumu la lori hutumia kani ya kuzungusha. Katika somo la nyenzo tulijifunza kwamba kani hiyo huwa kubwa zaidi mpini wa spana unapokuwa mrefu. Tukizidisha kani kwa umbali wake kutoka katikati ya nati, tunapata kipimo kiitwacho momenti. Nati ikikazwa kwa momenti ndogo mno, hulegea njiani na gurudumu laweza kuchomoka. Ikikazwa kwa momenti kubwa mno, meno yake huliwa au bolti hukatika. Kwa hiyo fundi mwangalifu hutumia spana yenye kipimo. Mmoja wa watu waliotuonyesha jinsi ya kupima momenti ni Mfaransa aitwaye Charles-Augustin de Coulomb. Jina lake hutamkwa Kulom.

Utoto na elimu yake

Coulomb alizaliwa tarehe 14 Juni, 1736, katika mji wa Angoulême, nchini Ufaransa. Alisoma mjini Paris, na huko alipenda sana hesabu na elimu ya nyota. Baadaye baba yake alipoteza mali katika biashara, na kijana huyo akalazimika kutafuta kazi ya kumpatia riziki. Mwaka 1760 aliingia katika chuo cha wahandisi wa jeshi huko Mézières, akahitimu mwaka 1761.

Mwaka 1764 alipelekwa katika kisiwa cha Martinique, kilichokuwa koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Siku zile Waafrika walifanyishwa kazi za utumwa katika mashamba ya miwa ya kisiwa hicho. Coulomb alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa ngome kubwa. Alikaa huko miaka minane. Hali ya hewa na kazi nzito vilimdhoofisha, akaugua mara kwa mara, na afya yake haikurudi tena kama zamani.

Hata hivyo, kazi hiyo ilimfundisha jambo kubwa. Aliona kwamba kuta zikijengwa kwa kukisia, ama huanguka kwa kusukumwa na udongo, ama hugharimu mawe mengi kuliko inavyohitajika. Alipokwisha kurudi Ufaransa, mwaka 1773 alitoa mbele ya wanasayansi maandishi yanayoeleza jinsi ya kukadiria kani ya udongo unaosukuma ukuta. Mpaka leo wahandisi hutumia mafundisho hayo.

Watu wa Nachingwea wanayo sababu ya kulielewa somo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliletwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa kwa muda wa kutosha kabla ya kazi kuanza. Huko Kongwa udongo uligeuka mgumu sana wakati wa kiangazi, na zana zikavunjika. Mwaka 1951 mpango huo uliachwa, baada ya fedha nyingi kupotea. Mashine zilikuwa na nguvu, lakini vipimo vilikuwa vimepuuzwa.

Uzi unaosokotwa

Wakati huo wanasayansi walikuwa wakitafuta dira bora zaidi. Sindano ya dira iliyosimama juu ya ncha ya chuma husuguana na ncha hiyo, na msuguano huizuia isionyeshe kaskazini barabara. Coulomb alishauri sindano ining'inizwe kwa uzi mwembamba. Mwaka 1777 alishiriki tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwa kazi hiyo.

Lakini uzi nao una tabia yake. Ukiusokota, hujaribu kujisokotoa ili urudi ulivyokuwa. Watu wengi wangeliona jambo hilo kuwa ni kasoro tu. Coulomb aliona kwamba kasoro hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kipimo. Ikiwa uzi hupinga kusokotwa kwa kadiri maalumu, basi kiasi cha msokoto kitatuambia ukubwa wa kani inayousokota.

Hakuridhika na kukisia. Alining'iniza mzigo wa metali kwa waya, akauzungusha kidogo, kisha akauachia. Mzigo ulizunguka upande huu na upande huu kama bembea, naye akapima muda wa kila mzunguko. Akabadilisha waya: mara mnene, mara mwembamba, mara mrefu, mara mfupi, mara wa chuma, mara wa shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mwaka 1784 alitoa kanuni zifuatazo:

1. Pembe ya msokoto ikiongezeka mara mbili, momenti inayohitajika huongezeka mara mbili.
2. Waya ukiwa na urefu mara mbili, momenti inayohitajika kwa pembe ile ile hupungua kuwa nusu.
3. Waya ukiwa na unene mara mbili, momenti inayohitajika huongezeka mara 16, kwa sababu 2 × 2 × 2 × 2 = 16.

Aligundua pia kwamba kanuni hizi zina mpaka. Waya ukisokotwa kupita kiasi, haurudi tena mahali pake pa mwanzo. Kipimo kilichofanyiwa hivyo husema uongo mpaka kihakikiwe upya.

Mtu asiyepindisha hesabu

Wakati ule ule Coulomb alitumwa katika jimbo la Brittany kuchunguza mpango wa kuchimba mifereji ya kupitisha meli. Wakubwa wengi walitaka mpango huo ukubaliwe. Coulomb alipiga hesabu, akaona kwamba gharama zingezidi faida, na akasema hivyo. Maneno yake hayakupendeza, na mwaka 1783 aliwekwa gerezani kwa muda mfupi. Hakubadili hesabu zake. Wanaosimulia maisha yake hueleza kwamba baadaye watu wa Brittany walitambua ukweli wake wakataka kumpa zawadi kubwa. Yeye alikubali saa moja tu, yenye mshale wa sekunde, akaitumia katika majaribio yake.

Jambo hili linatufundisha kwamba usahihi wa kipimo hautegemei chombo peke yake. Unategemea pia uaminifu wa yule anayesoma na kuandika matokeo. Karani anayesoma kilo 60 akaandika 58 huharibu kazi ya mizani iliyo nzima.

Mizani ya msokoto

Mwaka 1785 Coulomb alionyesha chombo chake kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote, yaani mizani ya msokoto. Ndani ya chombo cha kioo alining'iniza kijiti chepesi kwa waya mwembamba sana. Kioo kilizuia upepo usikitikise. Kwenye ncha moja ya kijiti palikuwa na kitufe kidogo, na karibu yake kitufe kingine kisichosogea. Alipovitia vitufe vyote viwili umeme wa aina moja, vilisukumana, na waya ukasokotwa. Kwa kuwa alikwisha kujua tabia ya waya wake, aliweza kukokotoa kani ya umeme kutokana na pembe ya msokoto.

Aligundua kwamba umbali kati ya vitufe ukiongezeka mara mbili, kani hupungua kuwa robo. Ukiongezeka mara tatu, kani huwa sehemu moja ya tisa. Kani hizo zilikuwa ndogo mno hata mizani ya kawaida isingeweza kuzihisi.

Kilo na mita

Zamani kila mji wa Ufaransa ulikuwa na vipimo vyake, na wafanyabiashara wadanganyifu walipata faida. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1789, wanasayansi walipewa kazi ya kutengeneza vipimo vya aina moja kwa watu wote. Coulomb alikuwa mmoja wao. Mwishoni mwa mwaka 1793 yeye na wenzake kadhaa waliondolewa katika kamati hiyo kwa sababu za siasa, naye akaenda kuishi shamba. Kazi hata hivyo iliendelea, na kutokana nayo zilipatikana mita na kilo. Kilo inayotumika leo kupimia korosho na ufuta katika maghala ya Nachingwea na Ruangwa ilianzia huko.

Coulomb alirudi Paris mwaka 1795, akaendelea na sayansi. Toka mwaka 1802 alikuwa mmoja wa wakaguzi wakuu wa elimu. Alifariki tarehe 23 Agosti, 1806, akiwa na umri wa miaka 70. Kwa heshima yake kipimo cha chaji ya umeme huitwa kulombi.

Vipimo vya momenti vya leo

Katika mashine za leo, waya wa Coulomb umechukuliwa na mhimili wa chuma. Mhimili unapozungusha kitu kizito, wenyewe husokotwa kidogo sana, hata jicho haliwezi kuona. Juu yake hubandikwa vipande vyembamba vya metali kwa mshazari wa digrii 45. Mhimili ukisokotwa, baadhi ya vipande hivyo hunyooshwa na vingine hubanwa. Kipande kilichonyooshwa hupitisha umeme kwa shida zaidi, na badiliko hilo la umeme huonyesha momenti. Mitambo ya kutoboa ardhi, kama ile inayotumika kutafuta madini, yaweza kuwa na kipimo cha namna hii ili chuma cha kutobolea kisikatike.

Vyombo hivi pia huhakikiwa. Fundi hufunga kwenye mhimili mkono wenye urefu unaojulikana, akaning'iniza mawe ya uzito unaojulikana, kisha akalinganisha hesabu yake na namba inayoonyeshwa. Kanuni ni ile ile ya mizani ya ghala.

Jaribio: Kutengeneza na kuhakiki kipimo cha momenti

Vifaa: njiti moja iliyonyooka ya gurudumu la baiskeli, yaani spoki, mbao, kisahani cha ubao mwepesi chenye sentimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni, uzi imara, kipimapembe, karatasi, mawe ya mizani ya gramu 50, 100, 150 na 200.

1. Bana kichwa cha spoki kilichopinda katikati ya mbao mbili, kisiweze kuzunguka hata kidogo. Spoki ilale mlalo.
2. Pitisha ncha ya pili katika tundu la ubao uliosimama. Tia tone la mafuta ili spoki izunguke kwa urahisi ndani ya tundu.
3. Kaza kisahani kwenye ncha hiyo, karibu na ubao, kisiteleze. Funga uzi ukingoni mwa kisahani, uuzungushie kidogo, uache uning'inie.
4. Tia alama ukingoni mwa kisahani. Bandika karatasi yenye digrii kwenye ubao ulio nyuma yake. Alama ielekee kwenye sifuri.
5. Ning'iniza jiwe la gramu 50. Soma digrii, uandike. Fanya vivyo hivyo kwa gramu 100, 150 na 200.
6. Ondoa mawe yote. Je, alama imerudi kwenye sifuri? Kama haikurudi, chunguza kama kisahani kimeteleza au spoki imesokotwa kupita kiasi, kisha anza upya.
7. Chora grafu ya digrii na momenti. Jiwe la gramu 100 huvuta kwa kani ya karibu nyutoni 1. Umbali ni mita 0.1. Kwa hiyo momenti yake ni 1 × 0.1 = nyutoni-mita 0.1.
8. Sasa ning'iniza jiwe la kawaida lisilozidi uzito wa mawe uliyotumia. Kwa kutumia grafu yako, tafuta momenti yake, kisha ukadirie uzito wake. Lipime kwa mizani uone kama kifaa chako kinasema kweli.

Tumetumia kisahani cha mviringo badala ya kijiti kwa sababu kijiti kikiinama, umbali wa uzi kutoka katikati hupungua. Kwenye kisahani umbali haubadiliki.

Maswali

1. Kuhakiki kipimo maana yake ni nini? Eleza kwa mfano wa mizani ya ghala la kijiji chako.
2. Mizani huonyesha kilo 19 kila inapowekewa kilo 20. Mkulima ameleta korosho kilo 400. Atapoteza kilo ngapi?
3. Fundi anasukuma ncha ya spana yenye urefu wa mita 0.3 kwa kani ya nyutoni 200. Momenti ni kiasi gani?
4. Waya mbili zina urefu sawa na ni za metali moja, lakini moja ina unene mara mbili ya nyingine. Ipi ni ngumu zaidi kusokota, na kwa mara ngapi?
5. Kwa nini Coulomb aliweka mizani yake ndani ya kioo?
6. Coulomb hakubadili hesabu zake ijapokuwa zilimletea taabu. Taja kazi mbili katika wilaya yako ambapo mtu akibadili namba za vipimo watu wengine hupata hasara.