Daktari Fischer, kasuku wa Serengeti na homa iliyomfuata hadi nyumbani

Wengi wetu hapa Nyansurura tunawafahamu kasuku wadogo wa kijani wanaopita kwa makundi wakipiga kelele. Uso wao ni wa rangi ya machungwa, mdomo ni mwekundu, na macho yamezungukwa na duara jeupe. Urefu wao ni kama sentimita 15. Wakulima wa mtama na mahindi hawawapendi sana, lakini watalii husafiri kutoka mbali kuja kuwaona, kwa sababu makazi yao ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, ukanda wa Serengeti ukiwemo.

Ndege huyu amepewa jina la mtu. Katika vitabu vya kitaalamu anaitwa Agapornis fischeri, yaani kasuku wa Fischer. Fischer alikuwa daktari, na alikufa kwa homa akiwa na miaka 38. Homa hiyo haikumuua porini. Alifia kwao, baada ya safari kwisha. Ndiyo maana maisha yake yana somo kwa mtu yeyote anayesafiri na kurudi nyumbani.

Jina la ndege, jina la mtu

Sisi tuliosoma uuguzi hufundishwa mapema habari za Florence Nightingale wa Uingereza. Jina la ukoo wake ni jina la ndege wa Ulaya anayesifika kwa kuimba usiku. Ndege yule alikuwa na jina hilo kabla ya Florence kuzaliwa mwaka 1820, kwa hiyo hakulipata kwake.

Kwa Fischer ilikuwa kinyume. Mtu alitangulia, ndege akapewa jina lake. Na si ndege mmoja tu: yupo pia shorobo wa Fischer wa misitu ya pwani, na kwezi wa Fischer wa nyika kavu za Afrika Mashariki.

Alikuwa nani?

Gustav Adolf Fischer alizaliwa tarehe 3 Machi 1848 katika mji wa Barmen, Ujerumani. Alisomea udaktari. Mwaka 1876 alifunga safari ya kuja Zanzibar pamoja na msafiri mwenzake, Clemens Denhardt. Wakati huo Sultani Barghash alikuwa akitawala, na Zanzibar ndiyo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara. Fischer alikaa Zanzibar akifanya kazi ya kutibu wagonjwa.

Hakutulia kisiwani. Alisafiri hadi Witu na nchi ya Wapokomo kando ya Mto Tana, katika Kenya ya leo. Kila alikokwenda alikusanya ndege, akaandika habari zao na kuwapeleka kwa wataalamu wa Berlin.

Mwaka 1882 alianza safari kubwa zaidi, kwa msaada wa chama cha jiografia cha Hamburg. Aliondoka Pangani, akapita Arusha, akafuata Bonde la Ufa hadi Ziwa Naivasha. Wamasai hawakumruhusu kuendelea mbele, naye akageuka na kurudi pwani mwaka 1883. Safari kama hizo zilitegemea wapagazi, watu wa pwani na wa bara waliobeba mizigo kwa miguu kwa miezi mingi. Homa iliwapata na wao pia, ingawa hakuna ndege aliyepewa majina yao.

Safari ya mwisho

Mwaka 1885 Fischer alipewa kazi ya kumtafuta msafiri mwingine, Wilhelm Junker. Junker alikuwa amekwama kaskazini, katika jimbo la Ikweta, kwa sababu ya vita vya Mahdi huko Sudani. Fischer alianzia tena Pangani, akavuka bara hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Njia ya kupitia Buganda ilikuwa imefungwa, kwa kuwa Kabaka Mwanga hakutaka Wazungu wapite. Fischer akazunguka upande wa mashariki wa ziwa, akarudi pwani mwaka 1886 bila kumwona Junker.

Kutoka pwani alipanda meli kwenda Ujerumani. Kwa macho ya watu, hatari ilikuwa imekwisha. Alikuwa amepita nyikani na kuvuka mito, na sasa yuko mjini kwao, karibu na madaktari wenzake. Lakini alikuwa amebeba ugonjwa alioupata njiani. Tarehe 11 Novemba 1886 alifariki Berlin.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Junker alifika Zanzibar salama, kwa njia yake mwenyewe. Aliyekuwa akitafutwa alipona, aliyekwenda kumtafuta alikufa.

Mwaka uliofuata, 1887, mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, alimwandika rasmi kasuku wetu na kumpa jina la Fischer. Fischer mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Homa ya nyongo ni nini?

Ugonjwa uliomuua uliitwa homa ya nyongo. Madaktari wa karne ile walitumia jina hilo kwa homa kali inayoambatana na kutapika na macho kuwa ya njano. Leo tunajua kuwa jina hilo lilifunika magonjwa kadhaa, na katika nchi za joto malaria kali ilikuwa mojawapo kubwa.

Angalia jinsi daktari wa wakati ule alivyokuwa gizani. Dawa ya kwinini ilikuwepo, ilitengwa kutoka gome la mti mwaka 1820. Kimelea cha malaria kilionwa kwa hadubini mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, akiwa Aljeria. Lakini namna kinavyoingia mwilini haikujulikana. Wengi waliamini kuwa homa hutokana na hewa mbaya ya mabwawa.

Mwaka 1897, miaka 11 baada ya Fischer kufa, Ronald Ross aliona kimelea ndani ya mbu huko India. Mwaka 1898 alithibitisha mzunguko mzima kwa kutumia ndege: mbu aliyemuuma ndege mgonjwa alimwambukiza ndege mzima. (Usiwaogope ndege wako. Malaria ya ndege haimpati binadamu.) Mwaka huohuo watafiti wa Italia walionyesha kuwa malaria ya watu huenezwa na mbu aina ya Anofelesi.

Kwa hiyo Fischer, pamoja na elimu yake yote, hakujua kwamba mbu anayelia sikioni usiku ndiye wa kumkinga. Wewe unajua.

Homa husafiri na msafiri

Katika kazi yangu nimewapokea watu wengi wenye habari inayofanana na ya Fischer. Kijana mmoja alirudi kutoka mwaloni ziwani baada ya msimu wa uvuvi. Siku ya tisa akiwa nyumbani, homa ikaanza. Familia ilisema ni uchovu wa safari. Akanunuliwa dawa ya maumivu dukani, homa ikashuka, ikapanda tena. Alipoletwa kwetu siku ya nne, mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi na alikuwa akiongea maneno yasiyoeleweka. Tulimwanzishia matibabu na kumpa rufaa haraka. Alipona, lakini siku zile nne karibu zimgharimu maisha.

Kimelea kikishaingia mwilini hukaa kwanza kwenye ini bila dalili yoyote. Homa huanza mara nyingi siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine baadaye zaidi. Ndiyo maana unaweza kurudi kutoka ziwani, machimboni au mjini ukiwa mzima, ukaugua ukiwa umeshasahau safari.

Nifanye nini nikipata homa?

1. Nenda zahanati au kituo cha afya ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Usisubiri siku ya soko au mwisho wa wiki.
2. Mwambie mhudumu kama umesafiri hivi karibuni, umelala wapi na umerudi lini.
3. Pima kwanza. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20.
4. Ukikutwa na malaria, meza dawa mseto kwa siku zote 3, pamoja na chakula. Usiache siku ya pili kwa sababu umepata nafuu, wala usimgawie ndugu.
5. Kipimo kikionyesha huna malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Homa ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa kingine. Homa isipoisha, rudi.

Dalili za hatari

Kimbiza mgonjwa kituoni mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- degedege, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu;
- kutapika kila kitu, au mtoto kushindwa kunyonya;
- macho ya njano;
- mkojo mweusi au wa kahawia;
- viganja na midomo kuwa myeupe;
- kupumua kwa shida, au kushindwa kukaa na kusimama.

Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wasisubiri dalili hizi. Kwao homa yenyewe inatosha.

Kujikinga

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na ukisafiri, kiweke kwenye begi. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema ili apate chandarua na dawa za kuzuia malaria kwa wakati wake.

Kasuku wa Fischer watapita tena mashambani msimu huu. Ukiwaonyesha watoto, waambie pia habari za daktari aliyefika mbali, akarudi kwao, na homa ikamkuta nyumbani. Kisha uliza kama kuna mtu katika nyumba yako aliyerudi safari wiki hizi na anajisikia vibaya. Kama yupo, mpeleke akapime leo.