JACK JOHNSON: BINGWA ALIYETAFUTIWA KOSA

Katika kambi na vituo vyetu hakuna haja ya kumweleza mtu Muhammad Ali alikuwa nani. Pambano lake na George Foreman, lililofanyika Kinshasa mwaka 1974, lingali linasimuliwa hadi leo. Lakini miaka 66 kabla ya pambano hilo, Mmarekani Mweusi mwingine alikwisha kuufungua mlango huo kwa ngumi zake. Naye ni Jack Johnson, Mtu Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Leo tumeona vema tuyaeleze maisha yake. Hatuyaelezi kwa ajili ya ngumi peke yake, bali kwa ajili ya kifungo alichopewa. Kisa chake kinamhusu kila mtu aliyekabidhiwa mamlaka ya kukamata na kupeleleza.

JELA YA KWANZA

Johnson alizaliwa tarehe 31 Machi 1878 katika mji wa bandari wa Galveston, jimbo la Texas. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamepata kuwa watumwa. Aliacha shule mapema akafanya vibarua bandarini, na huko ndiko alikoanza kujipima nguvu na wenzake.

Mwezi Februari 1901 alipigana mjini kwao na Joe Choynski, bondia Mzungu mwenye uzoefu mwingi, akaangushwa katika raundi ya tatu. Wakati huo sheria ya Texas ilikataza ngumi za kulipwa. Askari waliwakamata wote wawili, Mweusi na Mzungu, wakawekwa ndani pamoja kwa muda wa wiki tatu na zaidi. Humo gerezani waliruhusiwa kufanya mazoezi, na Choynski akamfundisha kijana yule namna ya kujikinga. Watu walioujua mchezo wake baadaye walisema kwamba jela hiyo ilikuwa shule yake.

Kuhusu kifungo hicho hatuna lawama. Sheria ilikuwapo, kosa lilitendwa hadharani, na mkono wa dola haukuchagua rangi. Tuliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

UBINGWA NA CHUKI

Kwa miaka mingi mabingwa Wazungu walikataa kupambana na Mweusi. Hatimaye Tommy Burns wa Kanada alikubali, baada ya kuahidiwa dola 30,000, hali Johnson akipewa 5,000 tu. Walikutana mjini Sydney, Australia, tarehe 26 Desemba 1908. Katika raundi ya 14 polisi wenyewe waliingilia kati na kulisimamisha pambano, kwa kuwa Burns alikuwa hajiwezi tena.

Wabaguzi hawakuweza kulivumilia jambo hilo. Wakamwita Jim Jeffries, bingwa wa zamani aliyekuwa amestaafu bila ya kushindwa, ili aje aurudishe ubingwa kwa Wazungu. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, jimbo la Nevada, Johnson alimshinda katika raundi ya 15. Usiku huo ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani na watu wakauawa, wengi wao wakiwa Weusi. Mwaka 1912 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukataza filamu za ngumi zisisafirishwe kutoka jimbo hadi jimbo.

Johnson naye hakuwa mtu wa kujificha. Alivaa vizuri, aliendesha magari ya kasi, na alioa wanawake wa Kizungu wakati ambapo majimbo mengi yalihesabu ndoa ya namna hiyo kuwa uhalifu. Wala hatutaki kumfanya malaika. Inajulikana kwamba mwishoni mwa mwaka 1910 alimpiga Etta Duryea, aliyekuja kuwa mkewe mwezi uliofuata, hata akalazwa hospitali. Hilo lilikuwa kosa la kweli, lenye mtu aliyeumizwa. Lakini halikuwa hilo alilofungwa nalo.

SHERIA YA WAUZA WANAWAKE

Mwezi Juni 1910, siku chache kabla ya pambano la Reno, Marekani ilitunga sheria iliyoitwa kwa jina la mbunge James Mann. Shabaha yake ilikuwa njema: kuwakomesha watu waliowasafirisha wanawake na kuwauza katika ukahaba. Lakini maneno yake yalikuwa mapana mno, kwani yalikataza pia kumvusha mwanamke mpaka wa jimbo kwa nia nyingine yoyote ya uasherati. Maneno mapana katika sheria ni kama wavu wa matundu madogo: mwenye kuuvuta ndiye achaguaye samaki wa kubaki.

Mwezi Oktoba 1912, mwezi mmoja baada ya Etta kujiua, Johnson alikamatwa mjini Chicago kwa sheria hiyo. Mama wa msichana aitwaye Lucille Cameron alidai kuwa bingwa amemtorosha binti yake. Binti alikana. Alizuiliwa kama shahidi, lakini hakukubali kutoa ushahidi dhidi ya Johnson, na mashitaka yakaanguka. Mwezi Desemba wawili hao wakaoana.

Hapo ndipo ilipofaa faili lifungwe. La hasha! Wapelelezi wa serikali kuu walitumwa miji mbalimbali kutafuta mwanamke yeyote aliyewahi kusafiri na Johnson. Wakampata Belle Schreiber, mwanamke aliyekuwa amefanya kazi katika madanguro, na ambaye walikuwa wamekwisha kuachana na bingwa huyo. Safari zao nyingi zilikuwa za kabla ya sheria. Lakini ilikuwapo moja ya mwaka 1910, baada ya sheria kupita, ambapo Johnson alimpelekea nauli asafiri kutoka Pittsburgh hadi Chicago. Hiyo ikatosha.

Mwezi Mei 1913 baraza la raia 12, wote Wazungu, lilimwona ana hatia. Baada ya hukumu, mwendesha mashitaka alikiri kwamba huenda mtu huyo ameonewa, ila bahati yake mbaya ni kuwa mfano mkubwa wa ndoa za Weusi na Wazungu. Tarehe 4 Juni jaji George Carpenter alimpa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, pamoja na faini ya dola 1,000. Katika kueleza sababu, alitaja kwamba mshitakiwa ni miongoni mwa watu mashuhuri kabisa wa rangi yake. Hivyo umashuhuri wake ukaongezwa katika mizani kama kwamba nao ni kosa.

UKIMBIZINI NA GEREZANI

Johnson alikata rufani, lakini hakungoja. Alitoroka kupitia Kanada akaenda Ufaransa. Hatumsifu kwa kutoroka, maana hata hukumu mbaya hupingwa mahakamani. Na kwa kweli, mwaka 1914 mahakama ya rufani ilitengua baadhi ya mashitaka hayo, lakini mwenyewe alikuwa mbali.

Tarehe 5 Aprili 1915, mjini Havana, Cuba, alipoteza ubingwa kwa Jess Willard katika raundi ya 26. Hakupita Mweusi mwingine katika nafasi hiyo mpaka Joe Louis mwaka 1937. Adhabu ya mtu mmoja ikawaangukia vijana wa miaka 22.

Mwezi Julai 1920 alijisalimisha mpakani mwa Mexico, akatumikia kifungo katika gereza la Leavenworth, jimbo la Kansas. Huko aliwafundisha wafungwa wenzake mazoezi ya mwili. Alitoka tarehe 9 Julai 1921, akiwa na umri wa miaka 43. Mwaka uliofuata alipewa hati ya uvumbuzi kwa spana aliyoibuni.

Alifariki tarehe 10 Juni 1946 katika ajali ya gari, jimbo la North Carolina, baada ya kuondoka kwa hasira mkahawani alikokataliwa kuhudumiwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1986 maneno yale mapana yaliondolewa katika sheria ya Mann. Tarehe 24 Mei 2018, Rais Donald Trump alimsamehe rasmi, miaka 105 baada ya hukumu.

Ndugu askari, rudini sasa Galveston, 1901. Pale kosa lilionekana kwanza, kisha wakakamatwa waliolitenda, bila kujali rangi. Chicago mambo yaligeuzwa: mtu alichaguliwa kwanza, kisha akatafutiwa kosa, na lile kosa alilolitenda kweli, la kumpiga mwanamke, likaachwa. Mwanamichezo mashuhuri hastahili kusamehewa kwa sababu ya makofi ya mashabiki, wala hastahili kuongezewa adhabu kwa sababu ya jina lake. Apimwe kwa pishi ile ile apimiwayo kibarua wa bandarini. Tukishindwa hapo, msamaha utakuja siku moja, lakini utamkuta kaburini.