Al-Khwarizmi na Mpangilio wa Hesabu za Mirathi

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia, katika ukoo unaonasibishwa na nchi ya Khwarizm, Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), na akafariki karibu na mwaka 850.

Neno aljebra limetokana na jina la kitabu chake, al-Jabr wal-Muqabala. Wachache wanajua kwamba karibu nusu ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Mwanachuoni huyu hakutumia alama za kujumlisha wala kutoa. Kila hesabu aliieleza kwa maneno, hatua baada ya hatua, ili msomaji ajue lipi linatangulia na lipi linafuata.

Jambo hilo si dogo. Watoto wetu hapa Mwanza wakiandikiwa 21 − 3 ÷ 3 hufuata MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hugawanya kwanza, na jibu ni 20. Lakini anayesomewa kwa mdomo huenda akatoa kwanza, akapata 6. Namba ni zile zile. Mpangilio ndio uliobadilika.

Natuchukue mfano wa mvuvi wa mwambao wa Ziwa Victoria aliyefariki akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya mazishi imebaki shilingi milioni 21. Anadaiwa milioni 3 za nyavu, na ameusia theluthi kwa madrasa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, wasia umetajwa kabla ya deni. Atakayedhani kwamba kilichotajwa kwanza hutekelezwa kwanza atatoa theluthi, milioni 7, kisha deni, na warithi watabakiwa na milioni 11.

Wanachuoni wameafikiana kwamba deni hutangulia. Wasia umetajwa mwanzo ili usipuuzwe, kwani deni lina mwenyewe wa kulidai. Basi 21 toa 3 ni 18, theluthi yake ni 6, hubaki 12. Mke hupata thumuni, milioni 1.5, mtoto wa kiume milioni 7, na wa kike milioni 3.5.

Tofauti ni milioni moja, na ni haki ya mjane na mayatima. Kwa hiyo, ndugu Waislamu, kabla ya kugawa tuandike madeni yote, kisha tumwendee mjuzi wa elimu ya mirathi.

Wallahu a'lam.