John Wesley na Sahani Isiyo na Nyama



Mtakumbuka chakula cha pamoja cha mwezi uliopita, vijana wetu wawili walipoipita pilau ya mbuzi wakajipakulia maharagwe na kachumbari tu. Mama mmoja akauliza kama siku hizi wameingia dini nyingine. Kicheko kikapita, lakini wale vijana waliondoka mapema. Sisi wa kamati ya afya hatukulala vizuri usiku ule. Ndiyo maana tumeona tuwaletee habari za John Wesley, ambaye sisi Wamethodisti tunamwita baba yetu.

Wesley alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, Uingereza, katika nyumba ya kasisi iliyojaa watoto na madeni. Alipokuwa mwanafunzi Oxford, mwaka 1724, alisoma kitabu kipya cha daktari Mskoti aitwaye George Cheyne kuhusu afya na maisha marefu, akamwandikia mama yake, Susanna, habari zake. Cheyne huyo alikuwa amenenepa hadi kufikia karibu kilo 200, kisha akajiponya kwa maziwa na mboga. Kitabu kile hakikumtoka Wesley kichwani. Baadaye yeye na wenzake pale Oxford wakawa wanafunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri, na watu wakawacheka sana.

Oktoba 1735 alipanda meli kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri. Humo melini yeye na wenzake waliacha kabisa nyama na divai, wakaishi hasa kwa wali na biskuti kavu za mabaharia. Walipofika, yeye na rafiki yake Delamotte wakajaribu hata kula mkate peke yake, wakaona nguvu hazikupungua. (Sisi wauguzi hatumshauri mtu afanye hivyo!) Kazi yenyewe ya Georgia ilimshinda. Alirudi nyumbani mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo, na ni mwaka huohuo, tarehe 24 Mei, kwenye mkutano wa jioni katika mtaa wa Aldersgate, London, ndipo moyo wake uliposhikwa na neema. Habari hiyo mnaijua.

Tusiwadanganye: Wesley hakuacha nyama maisha yake yote. Alirudi kula, akaacha tena kwa ushauri wa Cheyne, na kuna vipindi vingine alikula. Mwaka 1747 ilimbidi amweleze Askofu wa London kwamba hakuona nyama wala divai kuwa haramu. Aliziacha kwa sababu ya homa zilizomsumbua, na tangu aziache homa zilikuwa zimemwacha. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha tiba kwa maskini wasioweza kumlipa daktari. Ndani yake mna mengi ya maana: maji safi, mazoezi, kula kwa kiasi. Mna mengine tunayoyasoma kazini wakati wa chai tukicheka, kama kusugua upara kwa kitunguu halafu asali.

Lakini kwake habari ya wanyama haikuishia kwenye sahani. Alizunguka Uingereza miaka mingi juu ya farasi, akisoma kitabu huku hatamu zimelegea shingoni mwa mnyama. Wahubiri wake aliwaagiza waende kwa mwendo wa kadiri, na jioni wahakikishe kwa macho yao wenyewe kwamba farasi amesuguliwa, amelishwa na ametandikiwa pa kulala. Mhubiri aliyechoka hakuwa na ruhusa ya kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Mwaka 1781, akiwa na miaka 78, alihubiri juu ya Warumi 8, pale Paulo anaposema viumbe vyote vinaugua. Wesley aliamini kwamba wanyama pia watakombolewa, na kwamba Mungu atawalipa kwa mateso waliyoyapata kwa ajili ya dhambi ya mwanadamu. Wapo waliomwona mzee amepitiliza. Hata hivyo hakuligeuza jambo hili kuwa sheria ya kanisa. Aliyekula nyama na asiyekula walipokea ushirika pamoja, na alichowadai wote ni wasiwe wakatili kwa kiumbe kisichoweza kujitetea. Hapo sisi tunamkubali bila shida, sisi tuliokua tukiona kuku wakibebwa vichwa chini hadi sokoni na hakuna aliyesema neno.

Alifariki London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87, na wiki moja tu kabla alikuwa bado anahubiri. Miaka 71 baadaye wamisionari Wamethodisti walifungua kituo Ribe, karibu na Mombasa, na kwa njia hiyo baadhi yetu tukazaliwa katika kanisa hili.

Kwa wazazi wa vijana walioacha nyama: dengu, maharagwe na sukuma wiki vinaleta madini ya chuma, lakini asiyekula hata mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezwa. Tupigieni au mtushike baada ya ibada.

Chakula cha pamoja ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Githeri itapikwa kwenye sufuria yake na itakuwa na mwiko wake. Wale vijana wawili tumewaomba wakate kachumbari, nao wamekubali.