Kobe Wawili wa Bristol na Jua la Same

Ukikaa kwenye vimbweta ukasikiliza wenzetu wa uhandisi wakijadili mada za mradi wa mwaka wa mwisho, neno roboti halikosekani. Mmoja anataka roboti ya kubeba mizigo, mwingine ya kupulizia dawa shambani. Baada ya dakika kumi mjadala unaishia palepale: vifaa hakuna, maabara imejaa, bumu halijaingia. Mimi kwetu ni Same, mkoani Kilimanjaro, na likizo ndefu iliyopita wanachuo sita tuliotoka huko tulikaa pamoja tukajifundisha kuunda roboti inayotembea. Hatukuanza na programu wala na hesabu. Tulianza na maisha ya mtu mmoja, na hayo ndiyo nataka kuwasimulia hapa, kwa sababu naamini yanajibu ule mjadala wa vimbwetani.

Jina lake ni William Grey Walter. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Kansas City, Marekani, lakini alipofikisha miaka mitano hivi familia yake ilihamia Uingereza, na huko ndiko alikokulia. Alisoma shule ya Westminster, London, kisha akaingia King's College, Cambridge. Tunapenda kudhani wakubwa wa sayansi walifunguliwa kila mlango. Huyu bwana alipotaka kubaki Cambridge kama mtafiti, nafasi aliikosa. Akaenda kutafuta kazi kwenye hospitali za London, na kukosa kule ndiko kulikomkutanisha na kazi ya maisha yake.

Wakati huo daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alikuwa ameshachapisha, mwaka 1929, habari ya kushangaza: ubongo wa mtu aliye hai hutoa mawimbi ya umeme, na mawimbi hayo yanaweza kupimwa kutoka nje ya kichwa bila kumpasua mtu. Wengi hawakuamini. Walter aliamini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa waya na mikono, akaanza kutengeneza mashine bora zaidi za kuyasikiliza. Mwaka 1936 alionyesha kwamba penye uvimbe ndani ya ubongo hutokea mawimbi ya taratibu kuliko kawaida, kwa hiyo daktari angeweza kukadiria uvimbe uko wapi kabla ya kushika kisu. Mwaka 1939 akahamia taasisi ya Burden, Bristol, akabaki huko hadi 1970.

Sasa unauliza, roboti imeingilia wapi? Imeingilia kwenye swali. Walter alikuwa anasikiliza ubongo kila siku, lakini kusikiliza si kuelewa. Ubongo una chembe mabilioni. Je, akili inatokana na wingi wa chembe hizo, au inatokana na jinsi zilivyounganishwa? Yeye alidhani muunganiko ndio mambo yote. Lakini huwezi kumkata mtu nusu ya ubongo ili ujaribu dhana yako. Basi akaamua kuunda mnyama wake mwenyewe, mwenye chembe chache kabisa, aone anaweza kufanya nini. Chembe ngapi? Mbili.

Kati ya mwaka 1948 na 1949, kwa muda wake wa ziada, akisaidiana na mke wake Vivian Dovey, ambaye naye alikuwa mtafiti wa mawimbi ya ubongo, aliunda kobe wawili akawaita Elmer na Elsie. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu na Uingereza ilikuwa bado ina mgawo wa vyakula. Vifaa vyake vilikuwa mabaki ya vita na magurudumu ya meno kutoka kwenye saa mbovu. Kila kobe alikuwa na magurudumu matatu, mota moja ya kusukuma na moja ya kugeuza usukani, jicho moja la kuhisi mwanga, swichi moja iliyofungwa na gamba ili ihisi akigonga kitu, betri, na valvu mbili za kioo kama zile za redio za zamani. Hizo valvu mbili ndizo zilikuwa ubongo wake. Kompyuta hapakuwepo, programu hapakuwepo.

Kwa wasiosoma umeme, ngoja nieleze valvu kwa lugha ya kwetu. Huko milimani Upareni tuna ndiva, mabwawa ya asili ya kumwagilia. Usiku maji ya kijito yanajikusanya humo. Asubuhi mlango unafunguliwa na maji ya usiku kucha yanashuka mferejini kwa nguvu hadi mashambani. Nguvu ya mkono unaofungua mlango hailingani hata kidogo na nguvu ya maji yanayotoka. Valvu ni hivyohivyo, na transista ya leo ni hivyohivyo: umeme kidogo kutoka kwenye jicho unafungulia umeme mwingi wa betri uende kwenye mota. Ukiielewa ndiva, nusu ya elektroniki umeshaielewa.

Kobe alifanyaje kazi? Gizani usukani ulizunguka muda wote, na jicho likazunguka nao, kwa hiyo alitembea kwa mizunguko huku akipepesa kila upande. Jicho likiona mwanga wa wastani, usukani unasimama, naye anaufuata. Mwanga ukizidi, usukani unaanza tena kugeuka, anaukwepa. Akigonga kiti, gamba linabonyeza swichi, anasahau mwanga, anaanza kusukuma na kugeuka, kusukuma na kugeuka, mpaka apenye. Sasa sikia sehemu niipendayo. Betri ikiwa imejaa, taa kali ya kwenye kibanda chake inamkimbiza. Betri ikipungua, jicho linakuwa zito, taa ileile haimkeri tena, basi anaifuata hadi ndani, na ndani ndiko kulikokuwa na chaja. Hakuna aliyemwekea kanuni ya kurudi nyumbani akiwa na njaa. Tabia hiyo ilitokana na muunganiko wenyewe.

Tukio lililowashtua watu zaidi ni la kioo. Puani kobe alikuwa na kitaa kidogo kilichowaka usukani ukiwa unageuka. Alipofika mbele ya kioo aliuona mwanga wake mwenyewe, usukani ukasimama, kitaa kikazima. Kitaa kilipozima hakuna tena cha kufuata, usukani ukageuka, kitaa kikawaka. Matokeo yake akawa anachezacheza mbele ya kioo kama binti anayejiandaa kwenda harusini. Walter alisema kwa uwazi kwamba kama tungeona jambo lile kwa mnyama, tungeweza kulichukua kama dalili ya kujitambua. Hakudai kwamba kobe anajitambua. Alikuwa anatuonya sisi tunaotazama.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Elmer na Elsie walikuwa wanaharibika mara kwa mara na kutaka kushikiliwa mkono kila wakati. Aliyewafanya kobe wawe mashine za kutegemewa ni fundi wa taasisi, Bunny Warren, ambaye mwaka 1951 aliunda wengine sita kwa ufundi wa hali ya juu. Watatu kati yao walionyeshwa kwenye Tamasha la Uingereza mwaka huohuo. Bila Warren, huenda leo tungekuwa na makala tu bila kobe. Sisi wanachuo tunapenda kuitwa wabunifu na kumwita mwenzetu wa VETA fundi tu. Mimi natokea nchi ya Wapare, ambako watu wa Ugweno walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma tangu zamani, na ukoo wa Washana uliheshimiwa na kuogopwa kwa kazi hiyo. Fundi kwetu hakuwa mtu wa kudharauliwa.

Walter aliandika habari za kobe wake kwenye jarida la Scientific American mwaka 1950 na 1951, kisha kwenye kitabu chake The Living Brain mwaka 1953. Alikuwa mwanachama wa Ratio Club, kikundi kidogo cha vijana wa sayansi London, ambamo Alan Turing naye alikuwemo. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza wimbi la ubongo linalojitokeza mtu anapongojea jambo analojua linakuja. Kisha, mwaka 1970, mtu huyu aliyetumia maisha yake kupima ubongo wa wengine alipata ajali ya skuta, akaumia vibaya ubongo wake mwenyewe. Hakuwa tena Walter yule. Alifariki mwaka 1977. Wanaopanda bodaboda bila kofia ngumu nawaachia hapo.

Lakini kobe walizaa. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alitumia roboti iliyoitwa kobe kufundishia watoto programu. Rodney Brooks alisoma The Living Brain akiwa kijana Australia, akaunda kobe wake kwa transista. Baadaye alishiriki kuanzisha kampuni iliyotoa Roomba mwaka 2002, roboti ya kufagia sakafu, ambayo matoleo yake ya baadaye, betri ikipungua, hujitafutia chaja yenyewe. Hilo wazo unalijua limetoka wapi.

Sasa turudi Same. Kobe wa Walter aliundwa kwa ajili ya vyumba vya Bristol. Chumba chenye taa ya kawaida kina mwanga wa laksi mia chache. Jua la mchana mwezi wa pili pale Same linaweza kufika laksi 100,000. Mleta Elsie pale stendi saa saba mchana, atakimbia mwanga tu, kutwa nzima. Tulilipima hilo kabla ya kukata hata waya mmoja, tukaamua tusipigane nalo. Kobe wa kweli wa nyika ya Mkomazi, hatua chache kutoka mjini, mchana wa jua kali hujificha kichakani. Basi roboti yetu nayo itafute kivuli.

Muundo wake ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Mota mbili za midoli, moja kila upande. Macho mawili, kila moja ni kile kidude kinachopitisha umeme zaidi mwanga unapoongezeka. Jicho la kulia linaendesha mota ya kulia kupitia transista, la kushoto linaendesha ya kushoto. Jua likizidi kulia, gurudumu la kulia linakwenda mbio zaidi, roboti inapinda kushoto, yaani inalikimbia jua. Ikiingia kivulini, macho yote mawili yanapata mwanga kidogo, mota zinapoa, inatulia. Valentino Braitenberg alieleza muunganiko wa aina hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1984. Ukizipishanisha nyaya, kulia kwenda kushoto, kitu kilekile kinageuka na kuushambulia mwanga. Hujabadilisha kifaa hata kimoja, umebadilisha muunganiko. Hapo ndipo tulipomwelewa Walter. Magurudumu tulikata kwenye soli za yeboyebo, gamba likawa beseni.

Watu wazima waliokuja kutazama hawakuuliza habari za transista. Mjomba mmoja aliuliza swali moja tu: vijana wa Same wako vijiweni bila kazi, na nyie mnaunda mashine ya kuwapunguzia kazi? Swali hilo si la kucheka. Kule Mamba Miamba tangawizi inashuka milimani kwa kichwa na kwa bodaboda. Ukiunda kitoroli kinachoteremka mteremko ule chenyewe, unamtua mzigo mama mwenye mgongo mbovu, na unamnyang'anya safari kijana wa bodaboda. Wote wawili ni ndugu zako. Kobe wa Walter hakumnyang'anya mtu kazi kwa sababu hakuundwa kwa kazi yoyote. Aliundwa ili tuelewe. Vya kwetu vitaundwa kwa kazi, kwa hiyo swali la mjomba linapaswa kukaa kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi, kabla ya mchoro.

Ninachojua ni kwamba asipounda mtu anayeujua mteremko ule, ataunda mwingine aliyezoea sakafu tambarare, na sisi tutaletewa mashine inayopofushwa na jua letu. Kwa hiyo mwenzangu unayetafuta mada, usianze na orodha ya kununua. Andika tabia moja unayotaka kuiona: kufuata mfereji, kukimbilia kivuli, kusimama kabla ya ukingo wa tuta. Hesabu ni vihisio vingapi vichache kabisa vinatosha. Pima mwanga, joto na mwinuko wa mahali itakapoishi. Tafuta fundi mapema, na jina lake liandike kwenye ripoti. Ukimaliza hayo ndipo uulize bei ya bodi. Grey Walter alikuwa na valvu mbili, na dunia nzima bado inamfuata kobe wake.