Carl Credé, daktari aliyeokoa macho ya watoto wachanga kwa tone moja la dawa

Mtoto anapozaliwa katika maternite, iwe Butembo au Beni, kuna kazi ndogo ambayo mama aliyechoka huenda asiione: baada ya kumpangusa mtoto, mkunga anapaswa kumpaka pomada ya tetrasikline kwenye macho yote mawili. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Aliyeianzisha ni daktari Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita, Carl Siegmund Franz Credé.

Credé alizaliwa Berlin tarehe 23 Desemba 1819. Alisomea udaktari katika mji huo huo na akachagua kazi ya uzazi. Mwaka 1852 alikabidhiwa uongozi wa shule ya wakunga ya Berlin, na mwaka 1856 akaitwa Leipzig kuwa profesa na mkuu wa maternite ya chuo kikuu. Huko alikaa hadi karibu na mwisho wa maisha yake.

Wakunga wa zama zake walimfahamu kwanza kwa jambo lingine. Ndiye aliyefundisha namna ya kuminya tumbo la mama kwa mkono ili kondo la nyuma litoke bila mtu kuingiza mkono ndani.

Lakini katika maternite yake kulikuwa na tatizo lililomsumbua miaka mingi. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 aliyezaliwa pale alivimba macho siku chache baadaye, yakawa mekundu na kutoa usaha. Wengine walipona, wengine walibaki vipofu. Katika shule za vipofu za Ulaya wakati huo, sehemu kubwa ya watoto walikuwa wamepoteza macho kwa njia hiyo, ndani ya majuma ya kwanza ya maisha yao.

Chanzo kilikuwa kisonono, ugonjwa wa zinaa ambao wengi Kongo huuita sopisi. Mwaka 1879, daktari Albert Neisser alikuwa ametambua mikrobi inayouleta. Mama anaweza kuwa nayo bila kuhisi maumivu yoyote, na mtoto akaipata machoni wakati anapopita kwenye njia ya uzazi.

Mwanzoni Credé alijaribu kuwatibu na kuwaosha akina mama kabla ya kujifungua. Watoto waliendelea kuugua. Ndipo akageukia macho ya mtoto mwenyewe. Alisafisha kope kwa maji, kisha kwa kijiti cha kioo akadondosha tone moja la dawa ya nitrati ya fedha, yenye nguvu ya asilimia 2, katika kila jicho.

Kuanzia tarehe 1 Juni 1880 alichukua uamuzi uliobadilisha kila kitu: kila mtoto aliyezaliwa katika maternite yake apewe tone hilo, bila kubagua. Mtoto wa mama mzima na wa mama mgonjwa, wote walitendewa sawa. Ugonjwa ukashuka hadi chini ya mtoto mmoja kati ya 100. Mwaka 1881 alichapisha matokeo hayo, na nchi nyingi zikaiga.

Dawa yake ilikuwa na kasoro. Iliwasha macho, na haikuzuia vizuri klamidia, ugonjwa mwingine ambao mama humwambukiza mtoto kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu sehemu nyingi leo zinatumia pomada za antibiotiki. Hata hivyo kanuni yake imebaki: Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kila mtoto mchanga apewe dawa ya macho mara tu anapozaliwa.

Credé alifariki Leipzig tarehe 14 Machi 1892, akiwa na umri wa miaka 72.

Kwa familia za Beni, kazi yake ingali na uzito. Tangu mwaka 2014 mashambulizi yamewafukuza watu wengi kutoka vijijini, na mama anayeshikwa na uchungu akiwa mbioni au mafichoni hujifungua pasipo mkunga wala pomada. Mtoto kama huyo anapaswa kupelekwa kituo cha afya mara tu njia inapokuwa salama, hata kama anaonekana mzima.

Kope zikivimba au usaha ukitoka katika siku za kwanza, hakuna muda wa kusubiri, kwa kuwa kisonono kinaweza kutoboa jicho ndani ya siku chache. Majani au maziwa ya mama yanayotiwa machoni hayatibu. Hata pomada peke yake haitoshi mara ugonjwa ukishaanza: mtoto anahitaji dawa nyingine hospitalini, mara nyingi sindano, na wazazi wote wawili wanapaswa kutibiwa, si mama peke yake. Njia bora zaidi ni mama kupimwa na kutibiwa pamoja na mume wake wakati wa CPN, kabla mtoto hajazaliwa.